Jemadari Hakufa

3 Februari

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Goti la mama limepata nafuu tangu alipoacha kupanda zile ngazi za posta kila siku kuulizia barua yako, kwa hiyo ukikaa kimya mwezi mzima tena ujue unamuuguza dada yako mwenyewe. Mimi kazini ni yale yale: wapima ardhi wananiletea vipimo visivyokutana, nami nawachorea ramani navikutanisha kwa rula na dua. Mwaka huu nimehamishiwa dawati la karibu na dirisha. Huko ndiko kupandishwa cheo kwangu.

Tumesikia siku hizi unafunga duka saa nane mchana. Mama anasema umezeeka. Mimi nasema umeichoka cherehani na unahitaji kitu cha kufanya jioni, ndiyo maana nakutumia Lango la Shaba, majuzuu mawili ya mwanzo kati ya saba.

Usicheke kwanza. Ni hadithi ya dola ya kubuni, ina majoka, wachawi, na ukoo unaogombania mji wenye lango ambalo halijafunguliwa kwa miaka mia tatu. Watu wazima wenye akili zao wanaisoma. Ofisini kwetu tuko sita, na wapimaji wawili hawajasalimiana wiki nzima kwa sababu mmoja anasema msomaji aanze na kile kitabu chembamba cha historia ya kale, na mwenzake anasema anayeanza na kile amejiharibia siri zote. Mimi niko na huyu wa pili. Anza na juzuu la kwanza. Vumilia kurasa hamsini, hapo mwandishi bado anapanga vyombo. Ramani ya mwanzoni itazame lakini usiiamini, mto wake mkubwa unapanda mlima. Nimemwandikia mchapishaji mara mbili kuhusu huo mto. Hajajibu.

Mpwa wako

1 Machi

Bi Rula,

Marahaba. Mwambie mama yako mimi ni mzima na sijazeeka, nimezaliwa zamani tu. Na msinipigie simu. Simu ni ya misiba.

Vitabu vimefika, vizito kama matofali. Mtu wa miaka sitini na mbili, fundi anayeheshimika, unamletea majoka. Nilitaka kuvitumia kukandamizia vitambaa. Halafu nikafungua kimoja nikakutana na yule Malkia Mjane anashuka ngazi mia mbili za mawe amevaa gauni lenye mkia wa mita tisa, na hakuna wa kumshikia. Hajikwai. Mwandishi huyu hajawahi kuona pindo likikanyagwa. Na Jemadari anapanda farasi na joho la manyoya linalofika visiginoni, nani alimkatia? Joho la kupandia farasi lazima lipasuliwe nyuma, la sivyo litamvuta chini kama gunia. Nimekasirika mpaka nimeendelea kusoma.

Ila nakwenda polepole. Kurasa kumi na moja kwa wiki tatu. Siku hizi wachapishaji wanapunguza herufi kuokoa karatasi.

Habari za kazi si nyingi. Bendi ya zimamoto wamekuja kulalamika kwamba makoti niliyowashonea yana mkono mmoja mweusi na mwingine wa buluu iliyoiva. Nikawaambia ndio mtindo. Mkuu wao akayatazama kwa muda, akauliza kama ndio mtindo, mbona la mpiga ngoma ni jeusi kote? Nikamwambia mpiga ngoma ni mpiga ngoma.

Mimi mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anauliza unakula nini. Nimemsomea habari za makoti, akacheka, halafu akauliza kama umepima macho. Nimemwambia umekuwa fundi miaka arobaini, ungekuwa wa kwanza kujua. Ni kweli, au sivyo?

Umefurahisha ofisi nzima na hilo joho. Tumesoma majuzuu yote miaka na miaka, hakuna aliyewahi kumuuliza Jemadari kuhusu mpasuo wa nyuma. Mpimaji mmoja amenituma nikuulize vipi mikanda ya mapanga. Umeshakuwa mwenzetu, upende usipende.

Nakuonya jambo moja tu. Ukikaribia mwisho wa juzuu la pili uwe na leso, na usisome ukiwa na mteja dukani. Sisemi zaidi.

Na kuhusu macho, jibu.

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii itawakuta mko salama. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, mwambie mama yako. Nimeanza kula mboga.

Nimemaliza majuzuu yote mawili! Nisamehe kwa dharau ya mwanzo. Mambo niliyodhani ni ya kitoto yamenikalia kichwani mchana kutwa. Nilipofika pale Jemadari anabaki darajani peke yake ili wengine wavuke, na mkono wake mmoja umeshakatika, niliwaza huyu sasa amekwisha. Kumbe la. Alivyoanguka mtoni, akapata gogo, akachukuliwa na maji mpaka kwa wale wafuga nyuki waliomtibu jeraha kwa asali! Sijui kwa nini uliniambia niwe na leso. Niliitumia, kweli, lakini kwa furaha.

Tafadhali nitumie la tatu, la nne na hata la tano.

Swali moja. Vitabu hivi ni vyako mwenyewe, jina lako limo ndani. Pembeni mwa kurasa kuna maandishi yako ya penseli, hayo nayajua. Lakini kuna mtu mwingine mwenye kalamu nyekundu anayekujibu. Wewe umeandika, “Mto huu!” Yeye ameandika, “Achana na mto, tazama huyo binti.” Ni nani huyo?

Wako akupendaye,
Mjomba

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi, lakini nina mashaka matatu.

La kwanza, Jemadari alikufa. Ukurasa wa mia nne na kumi. Anaanguka darajani, maji yanamchukua, na sura inayofuata anazikwa. Farasi wake anafuata jeneza bila mpandaji, hapo ndipo sote tulilia. Hakuna gogo. Hakuna wafuga nyuki. Nimeuliza ofisini, hakuna anayekumbuka nyuki wowote katika Lango la Shaba.

La pili, mwandiko wako. Tangu nizaliwe mistari yako huanguka upande wa kulia kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Hii ya juzi imenyooka, ina nukta na mikato, na imesema “natumaini barua hii itawakuta mko salama.” Wewe hujawahi kutumaini jambo lolote kwa maandishi.

La tatu, mboga.

Nakutumia la tatu, la nne na la tano. Soma la tatu kwa makini, Malkia Mjane anafanya jambo baya kuliko yote. Na nijibu kuhusu macho, ni mara ya pili nauliza.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua yako fupi yenye salamu na vitabu. Mwandiko umebadilika kwa sababu nimenunua kalamu mpya.

Juzuu la tatu na la nne tumeyamaliza, yaani nimeyamaliza. Arusi ya Jemadari na binti wa mfinyanzi imenipendeza mno, ingawa vazi la bwana arusi halikuelezwa, ikanibidi nilishone mwenyewe kichwani: koti fupi, mkono wa kushoto ukunjwe ubanwe kwa kifungo, usiachwe ukining'inia kama bendera. Na Malkia Mjane nilimdhania vibaya. Nilijua kabisa ataitia sumu ile karamu, kumbe dakika ya mwisho akaimwaga, akaomba radhi mbele ya watu wote. Inahitaji moyo. Hata lile joka la kijani lilipopona kikohozi nilishangilia.

Hukunijibu kuhusu kalamu nyekundu. Huyo mtu anajua kubishana. Ningependa kumjua.

Mjomba wako

(Yanayofuata hakuyatamka yeye. Mimi ni jirani yake wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mjomba wako haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili; la kushoto ni kama amevaa pazia. Nilimkuta ukumbini kwetu amekishika kitabu chako kichwa chini, anakiinamishia taa. Akaniomba nisimwambie mtu. Tangu hapo namsomea kila siku saa kumi jioni, nami ndiye ninayeandika barua hizi. Za kwako namsomea pia, isipokuwa ile ya Mei, sikumsomea yote.

Umeuliza kuhusu Jemadari. Ni kweli alikufa. Nilipofika ukurasa huo nilimtazama mjomba wako, ameacha mdomo wazi na chai imepoa mkononi, nikaona siwezi. Nilidhani ni uongo wa sura moja. Lakini mtu ukishamfufua huwezi kumweka kando, lazima umtafutie la kufanya. Sasa nina arusi ambayo haimo kitabuni, na kuna vita juzuu la tano ambavyo vinataka watu niliowaacha hai wawe wamekufa. Hesabu zinanigomea.

Hataki hospitali. Nimesema mpaka nimechoka. Nisaidie.)

18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, dirisha langu linavuja. Nimefurahi kwamba Malkia Mjane ametubu. Wengi wetu ofisini tulikuwa tumekata tamaa naye. Lile koti la bwana arusi nimelichora kama ulivyosema na kulibandika ukutani. Endelea na la tano, ni zuri kuliko yote. Majuzuu mawili ya mwisho nitayatuma ukilimaliza.

Mpwa wako

Mwalimu, shikamoo. Usimsomee kuanzia hapa.

Sijui nikushukuruje. Mama nimemwambia, alilia, akakasirika, sasa anapanga sanduku. Ila mjomba wangu ukimvuta anarudi nyuma kama punda. Hapelekwi mahali, lazima aende mwenyewe. Nadhani kuna njia. Kurasa chache kabla ya mwisho, juzuu la tano linafika mbele ya lango, na kwako atakayesimama hapo ni Jemadari (wako, si wetu), sivyo? Fika hapo, kisha ufunge kitabu. Mwambie yaliyobaki atasoma mwenyewe.

Na kwa kuwa umenifungulia siri yake, nikufungulie yangu, maana kwake siwezi. Kalamu nyekundu alikuwa mchumba wangu. Yeye ndiye aliyenipa juzuu la kwanza. Tulikuwa tunasoma nakala moja, huyu leo, huyu kesho, tukijibizana pembeni. Tulipofika mwisho wa la tano alipata kazi mbali, akasema ataandika, na hakuandika. Watu hapa wanadhani nimeyamaliza yote saba. Nawasikiliza wakibishana kuhusu mwisho nami natikisa kichwa. La sita na la saba sijawahi kuyafungua. Hivyo vitabu sikumtumia mjomba kwa wema mtupu; nilitaka vitoke chumbani kwangu.

25 Julai

Bi Rula,

Marahaba. Andika hivi kama ninavyosema, Mwalimu, usiongeze kitu.

(Siongezi.)

Nakushitakia jirani yangu. Naam, sina macho ya kusoma, amekwambia, ameniambia kwamba amekwambia, mmenizunguka wawili. Hilo nimelisamehe. La kutosameheka ni hili: Jemadari amefika Lango la Shaba, ameweka kiganja chake kwenye shaba, shaba ni ya moto, ndani kunasikika mtu anapumua, na huyu mama amefunga kitabu. Leo ni siku ya kumi na mbili.

(Ni ya kumi na nne.)

Nimembembeleza. Nimemshonea mto wa kiti kwa kupapasa, akasema mshono umekwenda upande. Nimemwita mpangaji wa chini anisomee, kijana mwenye sauti nzuri, kumbe Mwalimu amekificha kitabu kwenye ndoo ya mchele.

(Sikukificha. Ndoo ina mfuniko, kitabu hakipati vumbi.)

Anasema macho yako yapo, yanangoja tu kufunguliwa. Rahisi kusema. Mpwa wangu, ulimjua yule fundi viatu tuliyekuwa tukikodi naye duka moja, yeye upande wa mlango mimi upande wa dirisha. Aliingia hospitali na jicho moja baya, akatoka hana hata moja. Wanasema zamani hizo mambo yalikuwa mengine. Huenda. Mimi hili la kulia bado linaniletea mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayeingia. Najua ni saa ngapi kwa rangi ya ukuta. Nikiupoteza huo mwanga nitakuwa fundi wa nini? Naogopa. Haya, liandike hilo pia.

(Nimeliandika. Amegeukia dirishani. Nami nimeacha kalamu kidogo.)

Mwulize huyo mama yako, kama bado anapanga sanduku, atafika lini. Sitaki kwenda na Mwalimu peke yake, atasahihisha madaktari.

Mjomba

20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama atashuka kwako Jumanne na basi la asubuhi, ana mizigo mitatu na ushauri mwingi. Atakaa mpaka bandeji zitoke na wiki mbili baadaye, kwa hiyo jiandae kwa mboga.

Nimekwenda kwa daktari wa macho wa hapa, nikamuuliza kwa niaba yako yale yote ambayo usingemuuliza. Hakucheka. Alisema wanaanza na jicho moja, lile baya zaidi, ili lile linalokuletea mwanga wa dirisha lisiguswe mpaka wewe mwenyewe uridhike. Umenisikia? Mwanga wako haumo katika bahati nasibu hii.

Mama anakuletea juzuu la sita na la saba. Nimeyafunga kwa karatasi. Mimi bado sijayasoma. Mwalimu anajua sababu, na nimempa ruhusa akwambie.

Mpwa wako anayekuombea

9 Oktoba

Bi Rula,

Marahaba. Utaona mistari inaanguka kulia. Ni mimi.

Jicho la kushoto limefunguka. Daktari alikuwa anapiga mluzi wakati wote, nikamwambia fundi anayepiga mluzi ama ni hodari ama amepoteza sindano, akasema hajapoteza. Bandeji ilipotoka nilimwona mama yako. Amezeeka sana, usimwambie nimesema. Halafu nikamwona Mwalimu amesimama mlangoni na mwavuli. Miaka minne tumeishi mlango kwa mlango na sikuwa najua kwamba ana kishimo shavuni. La kulia tumepanga Januari. Bendi ya zimamoto nimewabadilishia mikono yote, na la mpiga ngoma nililigusa kidogo ili asijione tofauti.

Sasa sikiliza. Nilitaka kulifungua lile lango, lakini nikasema fundi mzuri haanzii shingoni, nianze mwanzo, nione kwa macho yangu. Nikasoma la kwanza siku nne. Nikaingia la pili. Nikafika darajani. Jemadari akaanguka, nami natafuta gogo. Nikafungua ukurasa, wanachimba kaburi. Nikarudi nyuma kuangalia kama kurasa zimegandana. Nikaenda mbele: Malkia ametia sumu karamuni, wamelala watu mezani kama nguo zilizovuliwa. Hata joka, mpwa wangu. Kikohozi kilimwua. Nimehesabu watu kumi na mmoja na joka moja, wote wazima kwangu, wote marehemu kitabuni.

Nikachukua vitabu vyote vitano, nikavuka ukumbi, nikavitua mezani pake. Alikuwa anamenya viazi. Nikamuuliza kwa nini. Hakukana. Alifuta mikono kwanza, akakaa.

“Nimezika mume,” akasema. “Nimezika dada zangu wawili, na wanafunzi niliowazika kabla hawajajua kugawanya sitaki kuwataja. Wale nao hakuna aliyeniuliza. Huyu, kitabu chake kilikuwa mkononi mwangu. Nimuue kwa nini?”

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilisaidia kumenya viazi.

La sita nimelisoma, na la saba pia. Sikusimulii. Mwalimu ameniambia habari za kalamu nyekundu, nami sina la kusema juu ya mtu nisiyemjua, ila vitabu hivyo viwili nakurudishia kwa mama yako, uvisome. Pembeni mwa kurasa ni peupe kote. Andika chochote unachotaka, utajibiwa na mimi. Na huo mto, ukifika juzuu la saba, utaona wamekusikia.

Nilipomaliza la saba nilikwenda kwa Mwalimu saa kumi, kama kawaida yetu, nikamwambia nimeshaujua mwisho wa mwandishi, una moshi mwingi na vilio vingi, sasa anipe wa kwake. Akasema wa kwake ni mfupi. Jemadari anasukuma lango, linafunguka, na ndani hamna hazina wala jini, aliyekuwa anapumua ni mlinzi mzee amelala. Kuna mji wa kawaida. Jemadari anapanga chumba, anapata kazi ya kutengeneza mizani sokoni kwa mkono mmoja, yeye na binti wa mfinyanzi wanagombana kuhusu dirisha liwe wazi au lifungwe, na wanazeeka.

Nikamwambia hiyo si hadithi, hayo ni maisha ya watu waliokaa nyumbani.

“Ndiyo,” akasema. “Una neno?”

Nikasema sina neno. Nikamuuliza kama angependa tuyajaribu.

Hakujibu siku hiyo. Aliniambia niende nikapumzishe jicho. Kwa siku tatu sikumwona, na mama yako alinitazama kama mtu aliyekata kitambaa bila kupima. Siku ya nne asubuhi Mwalimu aligonga, akakaa, akasema amelifikiria upande huu na upande huu, na jibu ni ndiyo, kwa sharti moja: amesoma kwa sauti karibu miezi minne mfululizo, koo limemkauka, hata yeye hajawahi kusomewa na mtu tangu alipokuwa mtoto wa shule, na sasa ni zamu yake.

Tumeanza jana. Nasoma vibaya, nakwama kwenye majina, na ameshanisahihisha mara tisa. Akifumba macho nadhani amelala nanyamaza, naye ananiambia niendelee.

Arusi ni Jumamosi ya pili ya Desemba. Njoo siku mbili kabla, nikupime gauni.

Mjomba wako